Kitenzi cha Kiingereza 'take' mbele ya Twaa, Chukua na Peleka

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vitumikavyo kila siku, 'take' huonekana kuwa chepesi kuliko vingi. Ni neno la silabi moja. Mtoto hulikuta katika kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza. Na katika orodha ya maneno iandikwayo ubaoni hupewa mwenzi mmoja tu wa Kiswahili, naye ni chukua. Neno huhesabiwa kuwa limekwisha kufundishwa, na somo huendelea. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa hivyo huandika Kiingereza chenye kupotosha, na baadaye, akiwa karani, mfasiri au tabibu, huandika Kiswahili ambacho shahidi au mgonjwa aweza kukielewa kinyume cha kilichokusudiwa.

Sababu itolewayo kwa kawaida ni kwamba kitenzi hiki kina maana nyingi mno. Ni kweli kwamba kina maana nyingi. Lakini wingi wa maana peke yake si kikwazo. Piga ya Kiswahili nayo ina maana nyingi, na watoto huzijua bila ya kufundishwa. Kikwazo hasa ni kwamba lugha hizi mbili hulitazama tendo lile lile kutoka pande mbalimbali. Kiingereza kitumiapo 'take' hutaka kujua kama mtendaji amekiweka kitu chini ya mamlaka yake, na kama amekwenda nacho. Kiswahili hutaka kujua namna kitu kilivyoshikwa, upande kilikoelekea, na namna kilivyopokewa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza tofauti hiyo, na kuonyesha mahali ambapo mwalimu, mfasiri na mtunga kamusi sharti wawe na hadhari.

I. Lugha tatu katika chumba kimoja

Jambo hili hudhihirika zaidi mahali kama Mpuguso, katika wilaya ya Rungwe, penye chuo cha ualimu karibu na mji wa Tukuyu, mji ambao Wadachi waliuita Neu Langenburg. Mwalimu anayefunzwa hapo na kupewa shule ya msingi katika vijiji vya jirani hukuta lugha tatu katika chumba kimoja, ijapokuwa ubaoni huandika mbili tu. Kinyakyusa ndicho watoto wengi walichoanza kusema nyumbani. Kiswahili ndicho wanachosomea. Na Kiingereza ni somo. Watoto hao wakifaulu na kuingia katika shule ya sekondari ya Serikali, mambo hugeuka: Kiswahili hubaki kuwa somo, na Kiingereza huwa ndiyo lugha ya kufundishia hesabu, jiografia na elimu ya viumbe. Kwa hiyo neno lililofundishwa vibaya katika shule ya msingi halibaki huko. Huingia katika masomo mengine yote.

Maisha ya wilaya yenyewe yatoa mfano mzuri wa matatizo ya 'take'. Rungwe ni nchi ya mvua nyingi, ndizi na chai. Majani mabichi ya chai yakiisha kuchumwa, mchumaji huchukua kikapu chake hadi mahali pa kupimia. Gari huyapeleka majani kiwandani Katumba. Na kiwanda huyapokea. Matendo ni matatu, na Kiswahili kina vitenzi vitatu. Mwingereza aweza kuyasema yote matatu kwa 'take': mchumaji 'takes' kikapu, gari 'takes' majani kiwandani, kiwanda 'takes' majani ya wakulima. Katika sentensi hizo tatu, orodha ya ubaoni yafaa sentensi ya kwanza tu.

II. Asili ya maneno

Yafaa kwanza kutazama maneno haya yalikotoka, kwa kuwa historia yake yafanana kwa namna ya kushangaza.

Neno 'take' si la asili katika Kiingereza. Lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia waliovamia Uingereza na kukaa huko, ambao katika lugha yao walisema 'taka'. Katika maandishi ya Kiingereza neno hilo huanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 11 na mwanzoni mwa karne ya 12. Kabla ya hapo Waingereza walisema 'niman', neno lililo ndugu wa 'nehmen' la Kijerumani. Mgeni alimfukuza mwenyeji pole pole, hata mwenyeji akatoweka. Leo limebaki katika maneno machache tu kama 'numb', yaani kufa ganzi, ambalo maana yake ya kwanza ilikuwa mtu aliyetwaliwa, aliyeondolewa nguvu zake.

Katika Kiswahili neno la zamani kwa maana hii ni twaa. Neno hili ni la Kibantu halisi, na jamaa zake wameenea sana. Waganda husema twala kwa maana ya kuchukua au kupeleka. Wakikuyu husema twara kwa maana ya kupeleka. Wanyarwanda husema gutwara kwa maana ya kubeba na kusafirisha. Na Wazulu husema thwala kwa maana ya kujitwika mzigo kichwani. Kiswahili kimeipoteza l iliyokuwa katikati ya irabu, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo kwa Kiganda na Kinyakyusa bado ina l yake, na katika zaa, ambayo Waganda huitamka zaala. Lakini l hiyo haikufa kabisa. Hurudi mara kitenzi kinyambulishwapo: zaa, zaliwa, vaa, valia, kaa, kalia, na vivyo hivyo twaa, twalia, twaliwa. Yaonekana basi kwamba twaa, ambayo kwa Waswahili ni kukifanya kitu kiwe chako, hapo kale ilikuwa na uhusiano mkubwa na kubeba mzigo.

Chukua nayo imepita njia iyo hiyo. Askofu Edward Steere katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, na baada yake Madan katika kamusi yake ya mwaka 1903 na Johnson katika ile ya mwaka 1939, wote huweka mbele maana ya kubeba. Lugha yenyewe yatoa ushahidi usioweza kupingwa. Mchukuzi si mtu atwaaye, bali ni mtu abebaye mizigo, na uchukuzi ni kazi ya kusafirisha. Mpaka leo Serikali hulitumia neno hilo katika jina la wizara. Mwanamke huchukua mimba kwa kuwa anaibeba. Watu huchukuliana wanapovumiliana, yaani kila mmoja anapobeba uzito wa mwenzake. Na nguo mbili huchukuana zinapopatana.

Kwa hiyo mara mbili katika historia ya Kiswahili neno la kubeba limegeuka kuwa neno la kutwaa: kwanza twaa, kisha chukua. Na kama 'take' ilivyomfukuza 'niman', ndivyo chukua ilivyoisukuma twaa pembeni katika mazungumzo ya kila siku, ila haikuimaliza. Twaa imebaki mahali penye uzito. Husikika katika lugha ya dini, hasa katika Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952. Katika lugha ya sheria, ambamo Serikali hutwaa ardhi na tendo lenyewe huitwa utwaaji. Na katika magazeti ya michezo, ambamo timu hutwaa kombe. Mahali pote hapo pana jambo moja: kitu kikiisha kutwaliwa kimehamia kwa mwenye kukitwaa, wala hakirudi kwa urahisi. Mtu aliyesema kwamba jirani yake alichukua jembe lake hajamshtaki kwa lo lote. Akisema jirani alilitwaa, amekwisha kumshtaki.

III. Matawi ya maana

Maana za 'take' zaweza kupangwa katika matawi matano, na kila tawi lina mlango wake wa kuingilia katika Kiswahili.

Tawi la kwanza ni la mkono. Mtu huinua kitu mezani, huondoa kitabu katika rafu, hushika jembe. Hapa chukua yatosha mara nyingi, ijapokuwa mtu ampaye mwingine kitu mkononi husema 'shika' au 'pokea' kwa upole zaidi kuliko 'chukua'.

Tawi la pili ni la safari. Mtu hutoka hapa na kitu au mtu mwingine mpaka mahali pengine. Hapa Kiswahili hutaka peleka, nalo ndilo tawi lenye hatari kubwa. Litaelezwa peke yake hapa chini.

Tawi la tatu ni la kuingiza ndani. Mtu 'takes' chai, dawa, hewa, hata matusi. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kwa hayo yote. Chai hunywewa, dawa humezwa au hunywewa, hewa huvutwa, matusi huvumiliwa. Kitenzi huchaguliwa na kitu chenyewe.

Tawi la nne ni la nafasi na kadiri. Ukumbi 'takes' watu mia, kazi 'takes' siku mbili, na jambo fulani 'takes' ujasiri. Katika haya Kiswahili hugawanya: ukumbi huchukua watu, kazi huchukua siku au ni ya siku mbili, lakini ujasiri hauchukuliwi na jambo. Mswahili husema kwamba kazi hiyo yataka moyo.

Tawi la tano ni la maneno ambayo ndani yake 'take' haina uzito wake yenyewe, bali hubebwa na jina linalolifuata. Mwingereza 'takes' picha, hatua, mtihani, basi, kiti. Mswahili hupiga picha, hupiga hatua, hufanya mtihani, hupanda basi, hukaa kitini. Si ajabu kwamba piga imetokea hapa mara mbili, maana kazi ambayo Kiingereza humpa 'take', Kiswahili mara nyingi humpa piga. Mwingereza ajifunzaye Kiswahili hushangaa kwamba watu hupiga simu, pasi, kura na magoti bila ya kumwumiza mtu. Na mtoto wa Rungwe ana haki iyo hiyo ya kushangaa kwamba Waingereza huchukua matembezi na usingizi. Jambo la kumweleza ni kwamba kila lugha ina mtumwa wake wa kazi zote, na watumwa hao hawalingani kazi kwa kazi.

Katika tawi hili makosa ya tafsiri huwa wazi zaidi. Mgeni aliyeambiwa 'achukue kiti' kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, akiwa Mswahili, angekiinua na kuuliza akipeleke wapi. Na mkutano uliotangazwa kwamba 'utachukua nafasi' siku ya Jumamosi umetangazwa kwa maneno yasiyo na maana, kwa kuwa kuchukua nafasi kwa Kiswahili ni kuingia mahali pa mtu mwingine aliyeondoka. Mkutano hufanyika, na ajali hutokea.

IV. Peleka, na swali la nani alikwenda

Orodha za ubaoni zinazompa 'take' mwenzi mmoja, chukua, kwa kawaida humpa peleka naye mwenzi mmoja, 'send'. Hapo ndipo makosa mawili yanapokutana na kuzaa la tatu. Mwanafunzi atakaye kueleza kwamba baba yake alimpeleka hospitali huandika kwa Kiingereza kwamba baba 'sent me'. Mwalimu asomaye huona mtoto mgonjwa akitembea peke yake njiani, na baba amebaki nyumbani. Huenda sivyo ilivyokuwa. Baba alimbeba mgongoni.

Steere alikwisha kuieleza maana ya peleka vizuri mwaka 1870, aliposema kwamba ni kukifanya kitu kifike mahali palipo mbali na msemaji, ama kwa kukituma ama kwa kukifikisha mwenyewe. Kinyume chake ni leta, ambayo hukifanya kitu kifike alipo msemaji. Kwa hiyo peleka na leta hutofautishwa kwa mwelekeo tu. Hazisemi kama mtendaji alifuatana na kitu. Mzazi asemaye kwamba amempeleka mwanawe Mpuguso kusomea ualimu aweza kuwa alimsindikiza mpaka mlangoni pa chuo. Aweza vilevile kuwa alimpa nauli tu, kijana akapanda basi mwenyewe. Sentensi ni ile ile, na Mswahili haoni upungufu wo wote ndani yake. Akitaka kubainisha, hana shida: alikwenda naye, alifuatana naye, alimsindikiza, alimtuma.

Kiingereza hakimpi msemaji uhuru huo. Sharti achague. Akisema 'took', alikwenda. Akisema 'sent', hakwenda. Kwa hiyo mtu afasiriye peleka kwa Kiingereza hulazimika kuongeza habari ambayo msemaji hakuitoa, na mara nyingi huiongeza bila ya kujua kwamba ameiongeza.

Katika insha ya shule kosa hilo hugharimu alama moja. Mahali pengine hugharimu zaidi. Katika Tanzania mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili kwa miaka mingi. Lakini katika mahakama za juu yake desturi ilikuwa kwamba shahidi husema kwa Kiswahili, na hakimu huandika ushahidi kwa Kiingereza. Chukua sentensi moja ya kubuni: 'Mjomba alimpeleka mtoto hospitali jioni ile.' Hakimu akiandika kwamba mjomba 'took' mtoto, amemweka mjomba barabarani jioni ile. Aweza kuulizwa walipita wapi, walikutana na nani, walifika saa ngapi, na asipoweza kujibu huonekana mwongo. Akiandika kwamba 'sent', amemweka nyumbani, na swali litakuwa kwa nini hakwenda. Shahidi hakusema hili wala lile. Kalamu ndiyo iliyosema.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na kwa sehemu hiyo hatari imepungua. Lakini haikuondoka. Hukumu na kumbukumbu za miaka iliyotangulia zimeandikwa kwa Kiingereza, na wanasheria bado huzitegemea. Na wafasiri wanaozirudisha katika Kiswahili hukutana na 'took' ambayo huenda haikutamkwa na mtu ye yote. Mfasiri mwenye hadhari ataandika alimpeleka, akirudisha ule utata wa kwanza. Asiye na hadhari ataandika alimchukua, na mtoto aliyepelekwa hospitali kwa wema atakuwa kama mtoto aliyeibwa.

V. Kuchukua dawa na kunywa dawa

Hatari ya pili imo katika tawi la tatu, nayo yahusu afya. Maagizo ya dawa yaandikwayo kwa Kiingereza hutumia 'take': vidonge viwili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Mfasiri mzoefu huandika meza vidonge viwili, au kunywa, au tumia. Lakini mfasiri aliyelelewa na orodha ya ubaoni huandika chukua.

Sasa katika Kiswahili kuchukua dawa ni tendo kamili lenye maana yake mwenyewe. Ni kwenda kwenye dirisha la dawa, kuitwa jina, na kupewa pakiti. Mgonjwa wa kifua kikuu au wa maradhi mengine ya muda mrefu ana siku yake ya kuchukua dawa, na siku hiyo imeandikwa katika kadi yake. Akiulizwa kama amechukua dawa, atajibu ndiyo kwa moyo safi, na dawa zenyewe zimo ndani ya mfuko, hazijafunguliwa. Muuliza swali aliyekusudia 'take' ya Kiingereza ataandika kwamba mgonjwa anatumia dawa sawasawa. Kila mmoja amesema kweli kwa lugha yake, na habari iliyoandikwa ni ya uongo.

Haitoshi kusema kwamba mgonjwa ataelewa tu kwa sababu ya mazingira ya mazungumzo. Mazingira yenyewe ndiyo yanayopotosha, maana hospitalini ndipo dawa zinapochukuliwa. Swali zuri ni lile linalotumia kitenzi cha kinywa: umekunywa dawa leo asubuhi? umemeza vidonge vingapi? Vitenzi hivyo havina mlango wa pili wa kutokea.

VI. Mikopo iliyopata makazi

Baada ya kusema hayo, haifai kuangukia upande wa pili na kulaumu kila chukua inayofanana na 'take'. Wako wapenda lugha wanaokataa kuchukua muda, kuchukua hatua, kuchukua likizo na kuchukua tahadhari, kwa kuwa wanaona Kiingereza nyuma yake. Huenda Kiingereza kipo. Lakini mkopo huamuliwa kwa kutazama kama umepata makazi, si kwa kutazama ulikotoka tu. Kama asili ya kigeni ingekuwa dhambi, Waingereza wangepaswa kuirudisha 'take' yenyewe kwa watu wa Skandinavia.

Kuchukua muda kuna makazi mazuri. Tangu zamani chombo huchukua shehena na mtungi huchukua maji, yaani hubeba kadiri fulani. Kutoka chombo kuchukua tani kumi hadi safari kuchukua siku kumi ni hatua moja fupi, ambayo lugha ingeweza kuipiga hata pasipo msaada. Kiingereza kilibisha hodi, lakini mlango ulikuwa wazi.

Kuchukua hatua nako kumeleta faida. Kiswahili kilikuwa na kupiga hatua, yaani kuinua mguu, na kwa mfano kuendelea mbele. Leo maneno haya mawili yamegawana kazi. Nchi iliyopiga hatua imeendelea. Serikali iliyochukua hatua imetenda jambo juu ya tatizo fulani. Mtu akiyachanganya husikika mara moja kwamba amekosea. Lugha iliyopata tofauti mpya yenye kutumika haikuharibiwa na mkopo huo.

Lakini kuchukua picha, kuchukua mtihani na kuchukua chai havikupata makazi, kwa sababu nafasi yake ilikuwa imekwisha kujazwa na maneno yenye nguvu, na mgeni hakuleta tofauti yo yote. Na kuchukua dawa kwa maana ya kumeza kumekataliwa kwa sababu kubwa zaidi: nafasi yake imeshikwa na maana nyingine iliyo hai. Hiki basi ndicho kipimo. Mkopo unaojaza pengo hupokewa, mkopo unaorudia neno lililopo huachwa, na mkopo unaokanyaga maana iliyopo hupingwa.

VII. Kinyakyusa na kazi ya mwalimu

Katika mafundisho mengi ya Kiingereza lugha ya nyumbani huhesabiwa kuwa mzigo ambao mtoto hana budi kuutua mlangoni. Kitenzi hiki chaonyesha kwamba si hivyo daima. Kinyakyusa kina ukwega, ambayo maana yake ni kuchukua, na pia ni kuoa. Kwa mtoto wa Rungwe, basi, maneno ya Kiingereza cha zamani yasemayo kwamba mtu 'takes' mke si kitendawili. Lugha ya mama yake husema vivyo hivyo. Kiswahili cha kila siku, chenye oa na olewa, hakimsaidii hapo, ila kile cha Biblia chenye kutwaa mke. Mwalimu aliyefunzwa Mpuguso, akiijua lugha ya mahali, aweza kuwauliza watoto wenyewe ni matendo gani huingia katika ukwega na ni yapi hayaingii. Wakiisha kuona kwamba hata neno la nyumbani lina mipaka isiyolingana na ya chukua, hawatastaajabu kuona kwamba 'take' nayo ina mipaka yake.

Kutokana na hayo yafaa mambo matatu yafuatwe.

Kwanza, 'take' isifundishwe peke yake. Ifundishwe pamoja na 'bring', na jozi hiyo iwekwe kando ya peleka na leta. Mtoto wa Kiswahili anao mwelekeo huo tayari. Hana haja ya kufundishwa kwamba leta ni kuja huku na peleka ni kwenda kule. Kinachobaki kumfundisha ni lile swali ambalo lugha yake haiulizi: Je, wewe ulikwenda? Akijibu ndiyo, asema 'take'. Akijibu hapana, asema 'send'. Somo hilo halihitaji kitabu. Lahitaji barua moja, mtoto mmoja wa kwenda nayo, na mwalimu wa kubaki.

Pili, maana za tawi la tatu na la tano zifundishwe pamoja na majina yake, si kama maana za kitenzi kilicho pekee. Mwanafunzi asikariri kwamba 'take' ni kunywa, kupanda, kupiga na kufanya, kwa maana akikariri hivyo atachanganyikiwa. Akariri dawa, basi, picha na mtihani, kila kimoja na kitenzi chake katika kila lugha.

Tatu, watunga kamusi za lugha mbili waweke peleka miongoni mwa tafsiri za kwanza za 'take', na chini ya peleka waeleze wazi kwamba neno hilo halisemi kama mtendaji alifuatana na kitu. Maelezo ya mstari mmoja yatosha. Vilevile chini ya chukua pafaa pawe na onyo kuhusu dawa, kwa kuwa kamusi husomwa si na wanafunzi tu, bali pia na wale waandikao maagizo yanayobandikwa juu ya chupa.